Merikani Ilitoka Mitaa Hii: Hotuba Baada ya Matembezi ya Vinu na Viwanda vya Massachusetts

(Hotuba hii ilitolewa Lowell, Massachusetts, kwenye mkusanyiko wa jioni wa Waswahili wanaoishi eneo hili, baada ya matembezi ya mwezi Oktoba. Imeandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliokaa mbele, mama zetu, kaka na dada, na nyinyi vijana mliojipanga karibu na sambusa huko nyuma: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na kama kuna aliyebaki bila salamu, hujambo.

Mwenyekiti amenipa dakika ishirini, kisha amevua saa yake na kuiweka mezani mbele yangu. Ananijua. (Kicheko.)

Nimeombwa niwasimulie wenzetu waliokuwa kazini Jumamosi ile tulikwenda wapi na tuliona nini. Nitasimulia, lakini nina neno langu pia, na nitalisema mapema kabla saa haijanifunga mdomo. Haya majengo ya matofali mekundu tunayoyapita kila siku tukienda kazini, haya yenye madirisha mengi na mnara wa kengele, yana habari zetu ndani. Nguo iliyofumwa kwenye mitaa hii na miji ya jirani, ile iliyoitwa merikani, ilivaliwa Unguja, ikabebwa vichwani mpaka Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa kwenda Manyema, huko Kongo. Babu zetu walivaa kazi ya Massachusetts zaidi ya karne moja kabla yeyote kati yetu hajatua uwanja wa ndege wa Logan, Boston, na sanduku lililofungwa kamba. Kwa hiyo mtu akikuuliza unatafuta nini kwenye makumbusho ya viwanda, mwambie unafuata mzigo wa nyumbani.

Sasa safari.

Tulitoka asubuhi kwa magari, tukashuka kusini kuelekea Sudbury. Mnaijua Oktoba ya huku: majani yamegeuka mekundu na manjano, jua linawaka lakini halipashi, na upepo unajua ulipo ufa wa koti lako. Kina mama walikuwa wamebeba chai ya tangawizi kwenye chupa, na maandazi. Upande huo hatukuwa na shida yoyote.

Sudbury kuna nyumba ya wageni inayoitwa Wayside Inn, inayopokea wasafiri tangu 1716, na karibu nayo kuna kinu cha nafaka kinachoendeshwa na maji. Jengo ni la mawe, na ubavuni lina gurudumu la futi 18, yaani mita tano na nusu hivi. Niseme mapema kwamba kinu chenyewe si cha kale kama kinavyojifanya. Kilijengwa kwa fedha za Henry Ford, yule wa magari, aliyeinunua nyumba ya wageni mwaka 1923, na kinu kikamalizika 1929. Mtu aliyeijaza nchi magari alitumia utajiri huohuo kuwajengea watu mfano wa maisha ambayo magari yake yaliyafuta! Mimi napenda sana vichekesho vya matajiri. Lakini mitambo ni ya kweli, inasaga kweli, na unga unauzwa.

Fundi wa kinu alianza kazi kwa reki. Majani yaliyopukutika yalikuwa yameziba wavu wa chuma pale maji yanapoingilia, akayakokota nje fungu baada ya fungu mpaka njia ikawa wazi. Ndipo akafungua lango. Maji hayalisukumi gurudumu lile kutoka chini. Yanaletwa juu yake na kumwagika kwenye vyumba vilivyopangwa kuzunguka ukingo, mfano wa ndoo. Ndoo ya kwanza ikajaa, ya pili, ya tatu, na gurudumu bado limetulia. Kisha uzito ukalivuta, likaanza kugeuka taratibu kama mzee anayenyanyuka kwenye kiti. Kinachofanya kazi ni uzito wa maji, wala hauhitaji mto wenye hasira. Kijito kidogo kinatosha kama kuna bwawa nyuma yake.

Ndani, magurudumu ya meno yanaubadilisha mwendo ule wa pole kuwa wa kasi, mpaka ufike kwenye mawe. Mawe ni mawili. La chini halitikisiki, la juu ndilo linalozunguka. Na hayagusani. Yakigusana yanatoa cheche, unga unanuka kuungua, na mlaji anatafuna changarawe. Kila jiwe limechongwa mifereji inayotoka katikati kwenda ukingoni. Mifereji hiyo ndiyo inayokata punje na kuusukuma unga nje, nayo ikichakaa fundi analinyanyua jiwe na kulichonga upya kwa nyundo. Kazi yake kubwa zaidi ni kurekebisha nafasi iliyo kati ya mawe, nayo ni nyembamba mno. Kipimo chake ni vidole. Anakinga unga unapotoka, anaufikicha kati ya dole gumba na cha shahada, anarudi kuzungusha skrubu kidogo, anafikicha tena.

Basi mama mmoja wa kwetu, sitamtaja kwa sababu yupo hapa na ana mkono mwepesi (kicheko), akachota unga akaufikicha vilevile bila kuonyeshwa, akatikisa kichwa, akasema bado mkubwa. Fundi akamuuliza amewahi kufanya kazi kwenye kinu gani. Akamjibu kwamba kwao kila mwanamke wa rika lake alilelewa kwenye jiwe la kusagia, na mashine ya kusaga ilipofika kijijini watu walicheza ngoma. Yule fundi akaenda kuzungusha skrubu yake.

Tulinunua unga wa mahindi. Ni wa manjano, na ni dona hasa: pumba na kiini vyote vimo. Jumapili nikasonga ugali. Watoto wangu waliozaliwa hapa wakautazama, wakaniuliza kama umeharibika. Ndugu zangu wa Kenya mliozoea unga mweupe wa pakiti, sitaki ugomvi na nyinyi leo, lakini ugali ule ulikuwa na ladha ya mahindi, jambo ambalo nilikuwa nimeanza kulisahau.

Wazee wa Lamu na Unguja walikumbushana vinu vya mafuta ya ufuta, vile vilivyozungushwa na ngamia aliyefungwa macho ndani ya chumba chenye giza. Nilisikia mengi ndani ya gari kuhusu tabia za ngamia, mengine hayasemeki mbele ya watoto.

Kutoka Sudbury tukaelekea mashariki mpaka Waltham, kando ya Mto Charles. Hapo hatukukaa sana, lakini msipopaelewa Waltham hamtaielewa Lowell. Mfanyabiashara wa Boston aliyeitwa Francis Cabot Lowell alikwenda Uingereza mwaka 1810, akatembelea viwanda vya nguo kama mgeni mstaarabu. Sheria ya Uingereza ilikataza mashine na michoro yake kutoka nje ya nchi. Hakuchukua mchoro. Alitazama, akahifadhi kichwani, akarudi nyumbani 1812, na pamoja na fundi Paul Moody wakaunda mashine ya kufuma inayoendeshwa kwa nguvu ya maji. Hakuwa wa kwanza kwa ujanja huo. Samuel Slater alikuwa ameondoka Uingereza mwaka 1789 na siri za kusokota uzi kichwani, na kinu chake cha mwaka 1793 bado kimesimama Pawtucket, Rhode Island. Wafanyakazi wa kwanza wa Slater walikuwa watoto. Siku hizi mataifa makubwa yanalalamika kuibiwa teknolojia. Nikisikia taarifa za namna hiyo huwa naikumbuka Waltham.

Kampuni ya Waltham ilianzishwa 1813. Jambo lake jipya lilikuwa hili: pamba inaingia mlango mmoja ikiwa bado pamba, inachambuliwa, inasokotwa, inafumwa, na inatoka ikiwa jora la nguo, yote chini ya paa moja. Faida ikawa nzuri, ila Mto Charles haukuwa na nguvu ya kuendesha zaidi. Bwana Lowell akafariki 1817. Wenzake wakatafuta maporomoko makubwa, wakayapata kwenye Mto Merrimack, mahali maji yanaposhuka kama mita kumi. Hapo ndipo tulipokaa usiku huu. Mji ukapewa jina la marehemu.

Basi tukarudi nyumbani kuitazama Lowell kama watalii. Ni zoezi gumu, jamani, kuitazama barabara unayoifahamu kwa mashimo yake.

Mji huu wote ni kinu kimoja kikubwa. Zile njia za maji tunazovuka kwa daraja bila kuzitazama, urefu wake wote ni kama kilomita tisa, zilichimbwa kuyachukua maji juu ya maporomoko na kuyagawa kiwanda kwa kiwanda, kama wakulima wa Kilimanjaro wanavyogawana maji ya mfongo. Waliochimba sehemu kubwa walikuwa Waairishi, kwa sululu na koleo. Kampuni ya kwanza, Merrimack, ilitoa nguo yake ya kwanza mwaka 1823.

Kwenye mifereji hiyo kuna lango moja ambalo nilikuwa nalipita bila kulijua. Mhandisi mkuu wa mifereji, James B. Francis, alilijenga mwaka 1850: ukuta mzito wa mbao ulioning'inizwa juu ya mfereji, ukingoja gharika. Watu walimcheka, wakauita upuuzi wa Francis. Mwaka 1852 mto ukafurika. Wakaikata chuma iliyolishikilia, lango likaanguka, mji ukapona. Mwaka 1936 gharika nyingine, lango lilelile likafanya kazi ileile. Huyu Francis ndiye aliyeboresha turbini inayobeba jina lake mpaka leo. Ukifika kwenye vituo vingi vya umeme wa maji duniani utaikuta, na mabwawa ya kwetu yanayotuwashia taa yanaitumia.

Tukaingia Boott Cotton Mills. Kampuni hii ilianza 1835, ikafunga kazi katikati ya miaka ya 1950, na sasa ni sehemu ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1978. Mlangoni unapewa vizibo vya masikio. Kijana mmoja wetu akavitia mfukoni akisema amezoea muziki wa klabu. Chumba cha kufumia kina mashine 88, na siku ile ziliwashwa chache tu. Nilimwona kijana akipapasa mfuko kabla hajafika katikati ya chumba. (Kicheko.)

Nitajaribu kueleza, ingawa kelele haielezeki. Juu darini kuna shafti ndefu zenye puli, na kila mashine inavutwa na mkanda unaoshuka kutoka huko. Nyuzi za mtande zimelala zimenyooka, mamia kwa mamia. Nusu zinapanda, nusu zinashuka, na katikati ya mwanya kinapigwa kijiti chenye ncha za chuma kinachobeba uzi wa mshindio. Kinapigwa kweli, kama jiwe la manati, upande huu, upande ule, upande huu, na kila kinapopita chanuo linaukandamiza uzi. Sakafu inatetemeka, nawe unaisikia kwenye magoti kabla ya masikio. Sasa zidisha kwa mashine zote za chumba, vyumba vyote vya jengo, na majengo yote ya mji. Wafanyakazi walisoma midomo, na wengi waliharibikiwa masikio moja kwa moja. Madirisha yalifungwa hata katika joto la Julai ili hewa ibaki na unyevu, kwa sababu uzi mkavu hukatika. Vumbi la pamba lilikaa mapafuni. Na kuupitisha uzi kwenye tundu la kile kijiti, mfumaji aliweka mdomo akauvuta kwa pumzi. Kijiti hichohicho kilipita kwenye midomo mingine. Kifua kikuu kilihitaji nini zaidi ya hapo?

Wafumaji wa mwanzo walikuwa wasichana kutoka mashamba ya New Hampshire, Vermont na Maine. Walilala kwenye mabweni ya kampuni, chini ya masharti ya kampuni, na kengele ya kampuni iliwaamsha alfajiri, wakati wa kiangazi kabla hata ya saa kumi na moja. Juma moja lilikuwa na saa za kazi kama 73. Walio hapa wanaofanya zamu mbili kwenye nyumba za kulelea wazee wanatikisa vichwa, nawaona. Lakini wasichana wale hawakuwa wa kuswagwa. Mwaka 1834 mishahara ilipopunguzwa waligoma na kuandamana mitaani. Mwaka 1836 gharama za bweni zilipopandishwa waligoma tena, wengi zaidi. Katika miaka ya 1840 Sarah Bagley na wenzake waliunda chama na kupeleka maombi bungeni wakidai siku ya kazi iwe ya saa kumi. Bunge la jimbo likawasikiliza, halafu likasema si kazi yake. Hata hivyo walifungua mlango, na wengine wakapita.

Na pamba je? Hapa mwongozaji wetu hakukwepa, nikamheshimu. Pamba ilitoka Mississippi, Alabama, Georgia, ikilimwa na kuchumwa na watumwa. Zaidi ya hapo, baadhi ya viwanda vya Lowell vilifuma nguo nzito ya bei rahisi ambayo mabwana wa Kusini waliinunua kuwavika watumwa walewale. Wenye pamba walihitaji wenye mashine, na wenye mashine walihitaji wenye mijeledi. Charles Sumner, aliyekuja kuwa seneta wa jimbo hili, aliusema hadharani ushirika huo mwaka 1848, na mabwana wenye viwanda hawakumpenda kwa hilo.

Mwongozaji akaishia hapo. Kutoka hapo nawapeleka mimi.

Tarehe 21 Septemba 1833, huko Maskati, Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, aliwekeana mkataba na Edmund Roberts, mfanyabiashara wa New Hampshire aliyetumwa na serikali ya Marekani. Bidhaa za Wamarekani zikatozwa ushuru wa asilimia 5 tu. Mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem, akafika Unguja kuwa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, akafanya biashara kubwa na Jairam Shivji, mkuu wa forodha. Salem ni hapo tu, chini ya saa moja kwa gari. Mwaka 1840 merikebu ya Sayyid Said, Sultana, ikatia nanga New York ikiwa chini ya uangalizi wa Ahmad bin Naaman. Imebeba tende, kahawa, karafuu, ngozi na pembe za ndovu. Mchoraji Edward Mooney alimchora Ahmad kwa rangi, na kilemba chake, na ndevu zake. Watu wa New York walijaa gatini kuwatazama mabaharia. Miaka 21 kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mtu wa Zanzibar alipokelewa kwa heshima na wakuu wa jiji la New York!

Na meli za Salem zilipeleka nini? Baruti, bunduki, shanga, lakini kubwa kuliko yote ni nguo: shuka nzito ya pamba, ngumu, haijapaushwa wala kutiwa rangi. Merikani. Viwanda vya Massachusetts viliifuma, na soko la Unguja likaipenda kuliko nguo ya Kihindi na ya Kiingereza kwa sababu ilikuwa imara, haipukutiki ukiifua mara mbili. Wanunuzi wetu hawakuwa wa kupewa chochote. Waliipapasa nguo, wakaikataa ikiwa nyepesi, na habari hizo zilisafiri miezi mpaka kufika kwa wenye viwanda, nao wakafuata. Mwaka 1847 Salem yenyewe ilifungua kiwanda kikubwa cha nguo, Naumkeag, kinachoendeshwa kwa mvuke.

Bara, merikani haikuwa nguo tu, ilikuwa fedha. Shuka moja mikono minne, doti mikono minane, na kanga tunanunua kwa doti mpaka leo. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba frasila mbili, kama kilo 32, kutoka Bagamoyo kwenda Tabora, na ujira wake ulihesabiwa kwa nguo. Watemi wa Ugogo walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa nguo, na msafara usiolipa haukunywa maji. Stanley alipojiandaa Unguja mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, ilimlazimu anunue majora kwa majora ya merikani, maana bila hiyo asingepita popote. Nyinyi ndugu zetu wa Kasongo na Uvira, wazee wenu waliijua nguo hii.

Mimi ni mtu wa Bagamoyo. Sandarusi, yaani utomvu wa miti ulioganda, ilichimbwa ardhini nyuma ya mji wetu, ikapelekwa Salem kusafishwa na kugeuzwa vanishi ya kung'arishia samani na magari ya farasi. Pembe zilifika kwetu kwenye mabega ya watu, zikaishia Deep River na Ivoryton, Connecticut. Huko zilikatwa vipande vyembamba, zikaanikwa kwenye nyumba za vioo mpaka jua lizifanye nyeupe, kisha zikabandikwa kwenye vibonye vya piano. Sasa piga hesabu ya duara lile. Mtumwa wa Georgia anachuma pamba. Msichana wa Vermont anaifuma hapa mpaka masikio yanaziba. Nahodha wa Salem anaipeleka Unguja, mpagazi anaifikisha Ujiji, ndovu anaanguka Manyema, na binti wa tajiri wa Boston anajifunza piano. Kila mmoja anamjua mwenzake wa jirani tu. Nani angemwambia yule msichana wa Vermont kwamba nguo iliyo mkononi mwake itamstiri mtu wa Unyanyembe, kule Tabora?

Vita vya 1861 vilikata mnyororo huo. Pamba haikupita, baadhi ya viwanda vya Lowell viliona faida zaidi kuuza akiba yao ya pamba kuliko kuifuma, wafanyakazi wakaachishwa. Unguja nguo ikapanda bei, wafanyabiashara wakageukia Bombay na Manchester, na viwanda vya huko vikajifunza kuiga merikani. Wamarekani hawakurudi tena kwenye nafasi yao ya zamani. Baadaye viwanda vya hapa navyo vikahamia Kusini, kwenye mishahara midogo, mji ukabaki na majengo matupu. Waliofanya kazi kwenye Urafiki pale Dar es Salaam, au waliokulia Kisumu enzi za Kicomi, wanajua kiwanda cha nguo kinavyonyamaza. Ujuzi huo hatuhitaji makumbusho.

Tukiwa garini kijana mmoja aliniuliza, na nadhani aliuliza kwa niaba ya wengi: "Mzee, sasa tujivunie au tukasirike?" Nikamjibu kwamba sioni kwa nini achague. Mimi nilikasirika kwenye kile chumba cha maelezo ya pamba, nikajivunia niliposoma jinsi wanunuzi wa Unguja walivyokuwa wakali wa kukagua nguo. Ninachokikataa ni kile kitendo cha kizamani cha kudhani kwamba sisi tulikuja hapa juzi kama wageni kwenye hadithi ya watu wengine. Mwairishi alichimba mfereji, Mkanada wa Kifaransa, Mgiriki na Mreno wakaendesha mashine, Mkambodia akaja miaka ya 1980, na wote wana sherehe zao hapa mjini. Sisi tulilipa kabla ya kufika. Tulilipa kwa pembe.

Mwenyekiti ameinua saa. (Kicheko.) Namalizia na mambo ya kazi.

Kinu cha Sudbury hufungwa majira ya baridi, kwa hiyo mnaotaka unga msingoje Krismasi. Boott inafaa siku yoyote ya mvua. Wapelekeni watoto, na mhakikishe wamevaa vile vizibo. Napendekeza safari ya masika iwe Salem asubuhi, tuone makumbusho ya Peabody Essex na bandari zilikotoka meli, kisha siku nyingine twende Connecticut kwenye miji ya pembe, maana ni mbali na kina mama wameshasema hawapiki maandazi ya safari ndefu. Na nina ombi kwa wazee. Kama kuna yeyote aliyesikia kwa bibi au babu habari za nguo hii, ilivaliwaje, ilibadilishwa na nini, nani alizikwa nayo, tafadhali mtafuteni yule binti aliyekaa karibu na dirisha. Ana daftari na ana simu ya kurekodi, na hana haraka.

Mwenyekiti, nakurudishia kipaza sauti na saa yako. Nimebakiza dakika moja, naomba iandikwe.